Mali Iliyobaki: Maisha ya Allidina Visram na Somo Lake kwa Vijana Wetu



Mji wetu wa Mpanda ni mji wa wageni. Wenye nchi hii, yaani Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wangalipo, na heshima yao ya wenyeji haina mshindani. Lakini mji wenyewe, na soko lake na mitaa yake, ulizaliwa na machimbo ya risasi na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika hapa mwaka 1950 ili kuchukua madini hayo, na watu wakaja pamoja nalo kutoka kila upande: Wanyamwezi, Waha, Wafipa, Waarabu na Wahindi wenye maduka. Machimbo ya risasi yalifungwa mwaka 1960, lakini watu hawakuondoka. Kisha wakaja ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakafyeka misitu ya Katumba na Mishamo wakaifanya mashamba. Na mwaka 2014 wengi wao wakapewa uraia wa nchi hii. Baada yao wakaja wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao, na vijana wa kila kabila wenye kutafuta dhahabu. Hata mkoa wetu wa Katavi ni mchanga, kwani ulitengwa na Rukwa mwaka 2012.

Katika mji wa namna hii husikika kila siku maneno mawili barazani. Neno la kwanza ni la wenyeji, kwamba mgeni huja kuchuma tu, na akisha kujaza mfuko wake huenda zake. Neno la pili ni la vijana, nalo ndilo linalotuumiza zaidi sisi tunaosomesha watoto chuoni. Kijana humwambia baba yake: "Elimu ya nini? Matajiri wangapi hawakusoma? Niache niende machimboni." Na wazazi wengine, kwa shida walizo nazo, hukosa jawabu.

Tumeona vyema mwezi huu tuwasimulie habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yanayajibu maneno yote mawili. Alikuja Afrika ya Mashariki akiwa mtoto, mgeni asiye na mali. Hakusoma sana. Akawa tajiri mkubwa kuliko wafanyabiashara wengi wa zama zake. Naye ni Allidina Visram.

Mtoto wa Kutch

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika nchi ya Kutch, magharibi ya Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu, mvua zake haba, na tangu zamani watu wake wameutazama bahari kama shamba lao la pili. Majahazi yao yalifuata pepo za msimu: kaskazi ikivuma wakaja pwani yetu, kusi ikivuma wakarejea. Allidina alikuwa wa jamaa ya Khoja, wa madhehebu ya Ismailia. Mambo ya madhehebu yana mahali pake, na hapa hatukukusudia kuyazungumza. Kusudi letu ni kutazama kazi ya mtu na alichokifanyia chumo lake.

Alifika Unguja mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka kama 12. Na tuutafakari umri huo. Mtoto wa miaka 12 wa leo angali shule ya msingi, na jioni yumo chuoni na juzuu yake. Huyu alikuwa ameshavuka bahari kutafuta riziki katika nchi ambayo lugha yake haijui.

Alikwenda Bagamoyo, akatumika kwa mfanyabiashara maarufu aitwaye Sewa Haji Paroo. Bagamoyo ya siku zile ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka pale na mizigo ya merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, ikapita Ugogo na kufika Tabora. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilielekea ziwa Tanganyika kwa upande wetu. Karema, ambayo leo imo ndani ya mkoa wetu, ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu mwaka 1879, kabla haijashikwa na Mapadre Weupe mwaka 1885, na vitu vyao vilipandishwa kutoka pwani kwa mabega ya wapagazi. Kwa hiyo nchi yetu haikuwa mbali na mambo hayo kama wengine wanavyodhani.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuikusanyia misafara bidhaa na wapagazi. Katika kazi hiyo Allidina alijifunza mambo ambayo hayafundishwi kwa siku moja: kupima bidhaa, kuandika daftari, kumtambua mwaminifu na mlaghai, na kujua ni kitambaa gani kinapendwa na watu gani. Kijana anayesema kwamba Allidina hakusoma na azingatie jambo hili. Hakukaa darasani miaka mingi, lakini alikaa miaka mingi chini ya mwalimu, akifunzwa na akitii. Duka ndilo lililokuwa chuo chake. Mtu asiye na chuo chochote, wala mwalimu yeyote, huyo hakufanana na Allidina hata kidogo.

Duka mahali pasipokuwa na duka

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Kufika wakati huo Allidina alikuwa ameshasimama kwa miguu yake mwenyewe, na maduka yake yalikuwa yamefuata njia za misafara hata Tabora na Ujiji. Busara yake kubwa ilikuwa hii: wafanyabiashara wengi wa pwani walikaa pwani wakangojea bidhaa za bara ziwafikie, lakini yeye alilipeleka duka kwa mnunuzi.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda. Ilifika mahali palipoitwa Nairobi mwaka 1899, na ziwa Viktoria mwishoni mwa mwaka 1901. Allidina aliona mapema kwamba reli itaiua misafara ya wapagazi. Mtu mwingine angaliilaumu, yeye aliifuata. Alifungua maduka katika vituo vya reli, akafika Kampala kabla reli haijafika ziwani, na kutoka hapo akaeneza matawi yake Jinja, Entebbe, Kisumu na sehemu nyingine nyingi, hata yakahesabiwa kwa makumi.

Yafaa tueleze jinsi maduka hayo yalivyofanya kazi, maana ndipo ilipo siri ya mambo. Mtu mmoja hawezi kukaa katika maduka makumi. Allidina aliwapokea vijana waliokuja kutoka kwao Bara Hindi wakiwa hawana kitu, kama alivyokuja yeye, akawapa kazi. Baadhi yao aliwapa mali kauli, yaani bidhaa kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, wakaenda kufungua vibanda vyao mahali ambapo duka halijapata kuonekana. Wengi wa waliokuja kuwa matajiri wa Uganda baadaye walianza kwa mlango huo. Msingi wa mali kauli ni uaminifu. Hakuna askari anayeweza kumfuata mdeni porini umbali wa siku kumi. Kinachomrudisha mdeni ni neno lake mwenyewe.

Na maduka yale hayakuwa ya kuuza tu, yalikuwa pia ya kununua. Mkulima wa Uganda alikuwa na ufuta, karanga, pilipili, ngozi na nta, lakini hakuwa na mahali pa kuviuza. Kauri zilikuwa bado zikitumika kama fedha, na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikuwa umeleta kodi ya nyumba. Mwenye duka aliyenunua mazao ya shambani alimpatia mkulima fedha ya kulipa kodi na ya kununua nguo. Baadaye Allidina aliingia katika pamba, akawa na viwanda vya kuichambua, viwanda vya kukamua mafuta, karakana za samani, na mashamba makubwa. Maofisa wa serikali wenyewe walimtegemea kwa vyakula na vifaa katika nchi ambayo hapakuwa na njia nyingine ya kuvipata.

Upande usiopendeza

Hatupendi kuandika sifa tupu, kwa sababu vijana wetu wana akili, na habari isiyo na dosari hawaiamini. Utajiri wa misafara ulitoka kwa sehemu kubwa katika pembe za ndovu. Wapagazi walibeba mizigo mizito kwa miezi, na wengi walikufa njiani kwa ndui, njaa na homa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa ujira, tena mafundi wa kazi hiyo; lakini biashara ya pembe na biashara ya watumwa zilitembea njia moja kwa miaka mingi, na fedha za wakopeshaji wa pwani ziliingia katika zote mbili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wala utumwa wenyewe haukupigwa marufuku katika Tanganyika ila mwaka 1922. Mtu aliyefanya biashara ya bara katika miaka ile hakuweza kukaa mbali na mambo hayo. Sisi wa Katavi, ambao mbuga yetu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, twajua kuwa ndovu aliye hai ni neema kwa nchi kuliko pembe zake.

Kadhalika Allidina alinufaika na utawala wa kikoloni, ambao ulimfungulia Mhindi mlango wa biashara huku ukimfungia Mwafrika. Leseni, mikopo na viwanja vya mjini havikutolewa kwa mizani moja. Haya ni kweli, na ndiyo yaliyozaa uchungu baina ya watu uliodumu hata baada ya uhuru. Lakini kuujua ukweli huo kusitufanye tuukatae ukweli mwingine, nao ni huu tunaokuja kuueleza sasa.

Mkono uliotoa

Allidina Visram alikuwa mtoaji. Alitoa kwa jamaa zake, na alitoa kwa wasiokuwa jamaa zake. Alisaidia shule na hospitali, na wakati wa vita kuu alichangia Msalaba Mwekundu. Hata Wakristo wa Kampala walipokusanya fedha kwa ajili ya kanisa lao kuu la Namirembe, alichanga. Huenda msomaji mmoja akashangaa kwa hilo. Lakini na akumbuke kwamba Allidina alikuwa jirani yao, akila katika nchi yao, na watu waliokuwa wakinunua kwake ndio hao hao. Ujirani una haki zake katika dini yetu, wala haki hizo hazikufungiwa Waislamu peke yao.

Tabia hii hakuizua yeye. Aliikuta kwa mwajiri wake. Sewa Haji, katika miaka ya 1890, alitoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wapokelewe. Ni wangapi waliokuwa wakifikiri hivyo katika zama hizo? Alitoa pia fedha ya kujenga hospitali Dar es Salaam, ikaitwa kwa jina lake, ikawatibu maskini kwa zaidi ya miaka hamsini. Na kabla ya kufa aliyapangia majumba yake kazi ya kuwahudumia maskini na wagonjwa. Hospitali mpya ilipojengwa mwaka 1956, ile ambayo leo twaiita Muhimbili, jina la Sewa Haji lilihamia pamoja na wagonjwa, na jengo moja la wodi laitwa hivyo mpaka leo. Wagonjwa kutoka Mpanda waliopelekwa Muhimbili wamelala katika jengo hilo, na wengi wao hawakujua kuwa jina lile ni la mtu aliyekufa mwaka 1897.

Mwaka 1916 Allidina alirejea kutoka safari ya Kongo akiwa na homa, akafariki Kampala. Alikuwa na miaka kama 65, na zaidi ya hamsini kati ya hiyo aliiishi katika Afrika. Mrithi wake alikuwa mwanawe Abdulrasul. Huyu alijenga Mombasa shule kwa ukumbusho wa baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923, na mwaka huo huo naye akafariki. Baada ya hapo ile biashara kubwa, yenye matawi kutoka bahari mpaka ziwani na kupita, ilidhoofika ikatoweka. Madeni aliyokuwa akidai yalitawanyika kwa watu wengi, na mkono mmoja uliokuwa ukiyashika yote ulikuwa umekwisha kufa.

Basi, ndugu msomaji, tufanye hesabu. Maduka makumi yako wapi? Hayapo. Viwanda vya pamba na karakana za samani? Vimekwenda. Ipo sanamu yake Mombasa, lakini sanamu haimfaidii mtu chochote. Kilichobaki chenye uhai ni shule. Ilianza kuwa ya watoto wa Kihindi, kwa kuwa serikali ya Kiingereza ilizigawa shule kwa rangi. Na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, ukuta huo ukaondoka. Leo kijana wa Kidigo, wa Kikamba, wa Kijaluo na wa Kihindi hukaa dawati moja katika shule inayoitwa Allidina Visram. Mtu ambaye mwenyewe hakupata kusoma sana, mali yake iliyodumu kuliko zote imekuwa ni madarasa.

Hili ndilo jawabu la kijana wa machimboni. Usimwambie kwamba matajiri wote walisoma, maana atakucheka. Mwambie hivi: tazama wale matajiri wasiosoma, na uangalie fedha zao walizitumia kwa jambo gani walipopata hiari. Walijenga shule. Walijua kwa uchungu wa nafsi zao walichokikosa, na hawakutaka mtoto mwingine akikose.

Na wenyeji nao wana jawabu lao. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Uponyaji huo hauji wenyewe. Huja pale mwenyeji anapompa mgeni nafasi ya kufanya kazi kwa halali, na mgeni naye anapoihesabu nchi iliyompokea kuwa ni yake kwa kuilea, wala si kwa kuichuma tu. Upande mmoja ukikosekana, hapana dawa.

Tufanye nini nyumbani kwetu?

Tusiisome habari hii tukaifunga. Tuna mambo matatu ya kuwaomba jamaa za Kiislamu wa Mpanda na kwingineko.

La kwanza, mzazi na amfundishe mwanawe kuandika hesabu, hata kama biashara yenyewe ni genge la nyanya au mitungi ya asali. Asali ya misitu yetu inasifika, lakini mrina asali asiyeandika alichouza na anachodai hupotelewa na jasho lake mbele ya macho yake. Dini yetu imetuhimiza kuandikiana madeni, na wengi wetu tunaona haya kufanya hivyo baina ya ndugu. Haya hiyo imevunja udugu mwingi kuliko kalamu.

La pili, mwenye mali na aipange kabla ya kufa. Tofauti ya biashara ya Allidina na wakfu wa Sewa Haji ni funzo kubwa. Kilichotengwa kwa maandishi, kikatajwa kazi yake na wasimamizi wake, kimeishi. Kilichoachwa mikononi mwa mtu mmoja kilikwenda na mtu huyo. Hatusemi hili kwa matajiri pekee. Mwenye chumba kimoja cha kupangisha aweza kuiwakifu kodi ya mwezi mmoja kila mwaka kwa mafuta ya taa, mikeka na misahafu ya chuo. Mwenye kisima aweza kukiwakifu. Ila na aandike, ashuhudishe, na warithi wake waambiwe angali hai, ili haki zao za mirathi zisiguswe na baadaye pasitokee ugomvi.

La tatu, anayefanikiwa na amshike mkono anayefuata. Mali kauli ya Allidina iliwainua watu ambao hawakuwa na dhamana yoyote ila sura zao. Katika mji wetu wamo vijana waaminifu wanaoshindwa kuanza kwa kukosa gunia moja la sukari. Mwenye duka mmoja akimwamini kijana mmoja kwa mwaka, bila riba, kwa maandishi na mashahidi, kitu gani kitampungukia? Na kijana naye ajue kwamba akivunja ahadi hajivunjii yeye peke yake, amewafungia mlango kumi walio nyuma yake.

Dini imetufunza kuwa amali za mtu hukatika siku anapokufa, isipokuwa mambo machache, na miongoni mwao ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Sewa Haji na Allidina, kila mmoja kwa kadiri yake, walitafuta njia ya kuingia katika mlango huo. Malipo yao yako kwa Mola wao, ambaye ndiye ajuaye nia. Kazi yetu sisi tulio hai ni kuutazama mlango huo na kujiuliza tumetanguliza nini. Kwani mtoto aliyekaa leo juu ya mkeka wa chuo hapa Mpanda, awe mwana wa Mkonongo au mwana wa aliyekuja jana kutoka mbali, anatazamia kwetu kitu kimoja: kwamba tulichokichuma katika nchi hii, kidogo au kingi, sehemu yake imkute yeye.

Wabillahi tawfiq.